Mkao wa Roka: Kupima na Kurekebisha Pembe ya Roka kwenye Injini za Pushirodi

Chukua V8 ndogo ya Chevrolet, iondolee roka zake (pembea ndogo zinazofungua valvu) za uwiano wa 1.5, ifungie za 1.6 zenye rola, yaani kigurudumu kwenye ncha, na pushirodi (fimbo zinazozisukuma roka) uziache zilezile. Injini itawaka, na pengine itaonekana imechangamka. Tatizo halijitokezi siku hiyo. Linakuja baadaye, gaidi za valvu (mirija inayoziongoza valvu) zikishatanuka upande mmoja na kuwa na umbo la yai, moshi wa bluu unatoka kila asubuhi gari likiwashwa, na mwenye gari anaambiwa pistoni zimeisha wakati pistoni hazina neno. Roka zenyewe nazo hazina neno. Kilichokosewa ni mkao wake: zimekaa juu mno au chini mno kulinganisha na ncha ya valvu, na kila zikishuka zinaivuta valvu pembeni wakati huohuo zinapoisukuma chini.

Nimechukua injini hiyo ya Chevrolet kuwa mfano kwa sababu roka zake zimekaa moja moja kwenye stadi (bolti iliyosimama juu ya hedi), na kila kipimo unaweza kukibadilisha na kuona matokeo papo hapo. Ilitoka mwaka 1955 ikiwa na ujazo wa inchi 265, yaani lita 4.3, na roka zake za bati lililokandamizwa zilifuata muundo uliobuniwa Pontiac, ndugu yake ndani ya General Motors. Hesabu utakazoziona hapa zinafaa pia kwa injini ya dizeli ya Isuzu 4JB1, kwa Land Rover ya V8, hata kwa trekta la Massey Ferguson 135. Tofauti iko kwenye namna ya kurekebisha, na nitaieleza.

Roka inafanya kazi gani

Roka ni pembea yenye mikono isiyolingana. Upande mmoja kuna kikombe kinachopokea pushirodi, katikati kuna mhimili, upande wa pili kuna ncha inayogusa valvu. Mkono wa valvu ukiwa mrefu mara moja na nusu ya mkono wa pushirodi, uwiano ni 1.5. Pua ya kamu kwenye kamshafti ikiinua tapeti (kipande kilicho kati ya kamu na pushirodi) milimita 7.62, valvu inafunguka milimita 11.43. Kwa roka ya 1.6 kamu hiyohiyo inaifungua valvu milimita 12.19. Umepata milimita 0.76 zaidi bila kugusa kamshafti, na ndiyo maana roka za 1.6 zinapendwa.

Kinachosahaulika ni kwamba uwiano unazidisha pande zote mbili. Valvu inafunguka na kufunga kwa kasi iliyoongezeka karibu asilimia 7, kwa hiyo springi iliyokuwa inatosha huenda isitoshe tena kwenye mizunguko mikubwa. Na mzigo wa springi unarudi nyuma umezidishwa. Springi inayosukuma kwa kilo 140 valvu ikiwa wazi inaikandamiza pushirodi kwa kilo 210 kwenye roka ya 1.5, na kilo 224 kwenye ya 1.6. Mhimili unabeba jumla ya mizigo yote miwili, kilo 350 na zaidi. Hedi za zamani za Chevrolet zilikuwa na stadi zilizopigwa tu ndani ya tundu bila nyuzi za skrubu. Ukiziwekea springi ngumu, stadi inang'oka polepole na nafasi ya valvu inaongezeka kila wiki. Fundi anaseti tapeti, zinalegea, anaseti tena, mpaka siku atakapoweka rula juu ya stadi na kuona moja imepanda kuliko wenzake.

Neno moja kuhusu uwiano ulioandikwa kwenye boksi: usiuamini mpaka umeupima. Roka za bati mara nyingi zinatoa pungufu ya 1.5. Weka dayo geji (geji ya mshale inayopima mwendo mdogo) juu ya pushirodi, andika mwinuko, ihamishie kwenye valvu, andika mwinuko, gawa. Tumia springi laini na tapeti ngumu isiyobonyea, la sivyo utakuwa unapima kubonyea kwa tapeti ya oili, ile inayojiseti kwa oili iliyo ndani yake.

Nyuzi 90, lakini lini?

Ncha ya roka inatembea kwenye duara na valvu inatembea kwenye mstari ulionyooka. Vitu hivyo viwili haviwezi kwenda sambamba, kwa hiyo ncha lazima ifagie juu ya kichwa cha valvu, yaani ncha ya stemu (fimbo ya valvu). Huwezi kuondoa kufagia huko. Unachoweza ni kukupunguza hadi kiwango cha chini kabisa, na kiwango hicho kinapatikana pale mstari kutoka katikati ya mhimili hadi katikati ya rola unapokuwa pembe mraba na stemu ya valvu wakati valvu imefika nusu ya mwinuko wake. Nusu ya kwanza ya safari rola inasogea nje kidogo, nusu ya pili inarudi ilikotoka.

Tuone namba. Tuseme mkono wa valvu una milimita 38 na mwinuko ni milimita 12. Pembe mraba ikiwa katikati ya safari, roka inazunguka nyuzi 9 na ushei juu ya mstari huo na 9 na ushei chini yake. Rola inafagia milimita 0.48 tu. Sasa chukua roka hiyohiyo, ipandishe mpaka pembe mraba itokee valvu ikiwa imefungwa, ili safari yote iwe upande mmoja. Rola inafagia milimita 1.94. Roka ni ileile, mwinuko ni uleule, kufagia kumekuwa mara nne.

Hapo ndipo gaidi inapoumia. Msuguano wa ncha unaiburuta stemu upande kila valvu inapofunguka, na kwa mizunguko 6,000 kwa dakika hilo linatokea mara 50 kwa sekunde kwa kila valvu. Gaidi inatanuka kwenye mwelekeo wa roka, valvu inaanza kukaa kombo kwenye siti yake (kiti inapofungia), mgandamizo unapungua, oili inapita.

Je, nguvu inapotea kiasi gani?

Hapa nitofautiane kidogo na wauza vipuri. Utasikia kwamba mkao mbaya unakula mwinuko mwingi wa valvu. Piga hesabu kwa roka yetu ya milimita 38: pembe ileile ya mzunguko iliyotoa milimita 12 kwenye mkao sahihi inatoa milimita 11.85 ikianzia kwenye pembe mraba, na 11.64 ikianza nyuzi 5 baada ya hapo. Ni sehemu ya kumi hadi theluthi moja ya milimita. Inapimika, lakini kwa gari la barabarani hutaihisi mguuni.

Hasara ya nguvu inakuja kwa njia nyingine. Kwanza, msuguano. Pili, valvu isiyofunga sawasawa kwa sababu gaidi imetanuka. Tatu, na hii ndiyo kubwa kwenye injini ya mashindano, mwendo wa valvu haulingani tena na alioukusudia aliyechora kamu. Uwiano wa roka haudumu uleule safari nzima. Unabadilika kadiri pembe inavyobadilika. Mkao ukiwa sahihi, mabadiliko ya upande wa valvu yanagawanyika sawa kabla na baada ya nusu ya mwinuko. Ukiwa umekosewa yanarundikana upande mmoja, springi inakuta valvu ina mwendo ambao haikupangiwa, na valvu inaanza kudunda kwenye siti mapema, chini ya mizunguko ambayo ingeweza kuifikia. Ukiona V8 inagoma kupita mizunguko fulani na moto na mafuta viko sawa, angalia springi, kisha angalia mkao wa roka.

Jua kwanza roka zako zimeshikwaje

Usinunue kitu kabla ya kujibu swali hili, kwa sababu dawa ya aina moja haitibu nyingine.

Roka ya stadi, kama ya Chevrolet ya zamani, inakaa pale nati inapoishikilia, na nati unaikaza kufuata pushirodi. Kwa hiyo urefu wa pushirodi ndio unaoamua mhimili uwe juu au chini. Pushirodi ndefu inaupandisha, fupi inaushusha.

Roka za shafti ni habari nyingine. Mhimili umefungwa mahali pamoja juu ya hedi, na ukibadilisha urefu wa pushirodi unabadilisha tu kiasi ambacho skrubu ya kuseti inatokeza. Upande wa valvu hausikii chochote. Hapo mkao unarekebishwa kwa kuweka shimu (vipande vyembamba vya bati) chini ya miguu inayobeba shafti, au kuisaga miguu. Isuzu 4JB1 na Massey Ferguson 135 ziko kundi hili. V8 ya Rover pia, ile iliyoanzia Buick mwaka 1961 na kuingia kwenye Range Rover na Land Rover 110. Kwa kuwa ina tapeti za oili na haina skrubu za kuseti, mafundi wake wanaweka shimu chini ya miguu ya shafti ili kupata mbonyeo wa tapeti (kiasi ambacho tapeti ya oili inabonyezwa), na wengi hawafikirii kwamba shimu hizohizo zinahamisha pembe ya roka.

Kundi la tatu ni roka zinazofungwa kwa bolti kwenye kitako, kama za Chevrolet LS zilizoanza 1997. Kwa pembe ya roka zihesabu pamoja na za shafti: urefu wa pushirodi unaamua mbonyeo wa tapeti peke yake.

Vifaa

Dayo geji yenye kishikio cha sumaku. Venia ya kupimia urefu. Springi mbili laini za kukagulia, zile unazoweza kuzibonyeza kwa kidole. Tapeti ngumu mbili. Pushirodi ya kupimia inayorefushwa kwa nyuzi. Kalamu nene ya rangi au buluu ya kukagulia siti. Duara la digrii la kufunga mbele ya krankshafti linasaidia. Pushirodi ya kupimia unaweza kuitengeneza mwenyewe: kata pushirodi ya zamani katikati, mpe tena (fundi wa mashine ya kuchonga vyuma) achonge nyuzi za skrubu upande mmoja na upande wa pili aweke kipande cha bolti chenye nati ya kufungia. Ikate fupi kidogo kuliko ya kiwandani ili upate nafasi ya kwenda pande zote mbili.

Kupima, hatua kwa hatua

Fanya kazi hii hedi ikiwa imefungwa na gasketi ileile utakayotumia, au iliyotumika ya unene uleule, na bolti zimekazwa. Kupima bila gasketi ni kujidanganya kwa unene mzima wa gasketi.

Kwanza, toa springi za silinda namba 1 na ufunge zile laini. Weka tapeti ngumu. Zungusha krankshafti mpaka tapeti unayoishughulikia iwe kwenye mgongo wa pua ya kamu, yaani valvu imefungwa kabisa. Anza na valvu ya kuingiza.

Pili, funga roka na pushirodi ya kupimia. Kaza nati huku ukiisogeza pushirodi juu na chini kwa vidole. Mchezo ukiisha, acha hapo. Usikaze zaidi.

Tatu, weka dayo geji juu ya kikombe cha springi, ncha yake ikiwa sambamba na stemu. Hii ya usambamba isikupite. Geji ikilala hata kidogo inasoma namba kubwa kuliko ukweli, na makosa yote yatakayofuata yatazaliwa hapo. Sifurisha, zungusha krankshafti kwa spana polepole, soma mwinuko wa juu kabisa. Tuseme umepata milimita 11.9.

Nne, rudi mwanzo, kisha zungusha tena mpaka geji isome nusu, milimita 5.95. Sasa iangalie roka kutoka ubavuni. Mstari wa kutoka katikati ya mhimili hadi katikati ya pini ya rola unapaswa kuwa pembe mraba na stemu. Kata kipande cha bati au plastiki ngumu chenye kona ya nyuzi 90, upande mmoja ukae sambamba na stemu, na wa pili uone kama unapita kwenye vituo vyote viwili. Usipime kwa mgongo wa roka. Mgongo una umbo lake na hauhusiani na mstari huo.

Tano, ukiwa bado unaangalia, fuatilia rola inatembea wapi tangu valvu inaanza kufunguka hadi mwisho. Hiki ndicho kipimo ninachokiamini kuliko vyote. Mkao sahihi: rola inakwenda nje kidogo, kuelekea upande wa mbali na stadi, halafu inarudi, na valvu ikiwa wazi kabisa rola iko palepale ilipoanzia. Ikienda nje karibu safari nzima na isirudi, mhimili uko chini: pushirodi ni fupi. Ikienda ndani tangu mwanzo, kuelekea kwenye stadi, mhimili uko juu: pushirodi ni ndefu.

Sita, rekebisha pushirodi ya kupimia, kaza nati upya mpaka mchezo uishe, pima tena. Mwinuko utabadilika kidogo kila ukigusa urefu, kwa hiyo nusu yake nayo itafute upya. Kwa roka ya mfano wetu, kuongeza pushirodi milimita 1.27 kunapandisha mhimili milimita 0.76 tu, kwa sababu ncha ya valvu imesimama na roka inazunguka juu yake. Pembe inabadilika nyuzi moja na ushei. Pushirodi nyingi za dukani zinapishana kwa hatua hiyohiyo ya inchi 0.050, kwa hiyo usijitese kutafuta ukamilifu ambao huwezi kuununua.

Saba, paka rangi kichwa cha valvu, zungusha injini mara kadhaa, fungua uone alama. Ikiwa nyembamba, milimita 1 hadi 1.5 kwenye stemu ya milimita 8.7, umefika.

Sasa, alama hii inastahili maneno zaidi, kwa sababu mafundi wengi wanaitumia vibaya. Wanachezea urefu wa pushirodi mpaka alama ikae katikati ya kichwa cha valvu, wanafurahi, wanafunga kava. Alama ya katikati inaweza kuwa pana milimita 2.5, maana yake rola inafagia kupita kiasi na pembe imeharibika kabisa. Kinachotafutwa kwa pushirodi ni wembamba. Alama ikiwa nyembamba lakini imekaa upande mmoja, hilo ni suala la urefu wa mkono wa roka au mahali stadi iliposimama, na hakuna pushirodi itakayolitatua. Ikiwa haijakaribia ukingo, iache, itafanya kazi. Ikiwa ukingoni, badilisha roka za kampuni nyingine au tafuta valvu za urefu tofauti. Kati ya alama nyembamba iliyo kando kidogo na pana iliyo katikati, mimi nachagua nyembamba.

Kwa roka za bati zisizo na rola alama huwa pana zaidi kiasili, kwa kuwa ncha yake ni mviringo mkubwa na sehemu inayogusa inahama juu ya mviringo huo. Hapo angalia tu kwamba haifiki ukingoni na kwamba valvu zote zinafanana.

Rudia kwa valvu ya kutoa. Mwinuko wake unaweza kuwa tofauti, na siti iliyosagwa zaidi inaweza kuwa imeipandisha ncha yake. Haishangazi ukipata pushirodi za urefu wa aina mbili kwenye injini moja.

Nini kinachoharibu mkao

Injini iliyotoka kiwandani na haijafunguliwa huwa haina shida hii. Shida inaletwa na kazi ya tena, na kwetu kazi hiyo ni nyingi: injini ikichemka tu, hedi inakwenda kusagwa. Ukiwa na roka za stadi, andika kila kitu kilichoguswa na ujumlishe kabla ya kununua pushirodi.

Kusaga hedi au bloku kunaileta hedi karibu na tapeti, kwa hiyo pushirodi inatakiwa ipungue kiasi hichohicho. Gasketi nene inaongeza. Kamshafti iliyochongwa upya ili itoe mwinuko mkubwa ina mgongo mdogo. Tapeti inashuka, pushirodi iongezwe. Siti ikisagwa valvu inazama ndani na ncha yake inapanda juu. Pushirodi iongezwe kiasi hicho. Kwa mfano: bloku imesagwa milimita 0.20 na hedi 0.30, unapunguza 0.50. Gasketi mpya imezidi ya zamani kwa 0.25, unaongeza. Mgongo wa kamu umepungua 0.60 upande wa nusu kipenyo, unaongeza. Ncha za valvu zimepanda 0.40, unaongeza. Jumla pushirodi iwe ndefu kwa milimita 0.75 kuliko ya awali. Unaona kwamba hedi iliyosagwa, ambayo kila mtu angeilaumu, hapa haikuwa na uzito hata nusu ya ule wa kamu na siti vikiwa pamoja.

Hesabu hiyo inakupa pa kuanzia. Haichukui nafasi ya kupima, kwa sababu roka za kampuni mbili zenye uwiano mmoja zinaweza kuwa na mhimili na rola katika vimo tofauti.

Kwa roka za shafti, kusaga hedi hakubadilishi pembe upande wa valvu, maana shafti na valvu vyote viko juu ya hedi. Kinachotokea ni skrubu ya kuseti kulazimika kurudishwa juu, na ikitokeza kupita kiasi inapoteza nguvu. Siti iliyosagwa ndiyo inayoharibu: ncha ya valvu inapanda, mhimili unabaki. Kwenye 4JB1 iliyotengenezwa hedi mara mbili tatu utakuta stemu zimechimba shimo upande mmoja wa ncha za roka. Shimo hilo lina ubaya wa pili. Fila (bati la kupimia nafasi) inakaa juu ya kingo zake, kwa hiyo ukiseti 0.40, kipimo chake injini ikiwa baridi, nafasi halisi ni kubwa kuliko hiyo na makelele yanabaki. Suluhisho ni kusaga ncha ya roka iwe laini tena kwa umbo lake, kisha kuweka chini ya miguu yote ya shafti shimu za unene uleule. Angalia tundu la oili linalopita kwenye mguu mmoja. Shimu isiyo na tundu hapo itakausha shafti nzima.

Tapeti za oili: ongeza mbonyeo

Urefu ulioupata kwa tapeti ngumu yenye kimo sawa na tapeti ya oili isiyobonyezwa si urefu wa mwisho. Tapeti ya oili itabonyezwa kidogo unapokaza nati, na mhimili utashuka nayo. Stadi ya inchi 3/8 ina nyuzi za skrubu 24 kwa inchi, kwa hiyo nusu mzunguko wa nati unashusha mhimili milimita 0.53. Lakini ncha ya valvu imesimama, ndiyo egemeo, na kikombe cha pushirodi kiko mbali zaidi: pale pistoni ndogo ya tapeti inashuka karibu milimita 0.88. Basi ukipanga kukaza nusu mzunguko, agiza pushirodi ndefu kwa takriban milimita 0.9 kuliko uliyopima, na mhimili utarudi pale ulipoupimia.

Kabla hujafunga springi za kweli

Umeongeza mwinuko au umehamisha mhimili, kwa hiyo nafasi zote za zamani zimepitwa na wakati. Ukiwa na springi laini bado, kagua pistoni na valvu. Valvu ya kutoa inakaribiana zaidi na pistoni kama nyuzi 10 kabla pistoni haijafika juu, na ya kuingiza nyuzi 10 baada. Bonyeza valvu kwa kidole pale mpaka iguse pistoni na usome dayo geji. Milimita 2.0 kwa ya kuingiza na 2.5 kwa ya kutoa ndizo ninazozitaka, pungufu ya hapo sifungi.

Springi ya kweli ibaki na milimita 1.5 kabla koili hazijagusana valvu ikiwa wazi kabisa. Kikombe cha springi nacho kibakishe nafasi kama hiyo juu ya sili ya gaidi. Kwa roka za bati, mfereji unaopitia stadi una mwisho. Kwenye mwinuko mkubwa ukingo wake unagonga stadi na kuila. Kunja waya wa klipu ya karatasi, upitishe kati ya stadi na mwisho wa mfereji valvu ikiwa imefungwa, na tena ikiwa wazi kabisa. Usipopita, tafuta roka zenye mfereji mrefu.

Pushirodi yenyewe usiisahau. Kwenye roka za 1.6 kikombe kimesogezwa karibu na stadi, kwa hiyo pushirodi inalala tofauti na inaweza kusugua ukingo wa tundu la hedi. Ukiweka mabamba ya kuongoza pushirodi, pushirodi ziwe zilizokaushwa kwa moto uso wake ukawa mgumu, la sivyo zitaliwa. Na mabamba hayo usiyachanganye na roka zenye kingo za kujiongoza kwenye ncha ya valvu. Vitu viwili vikigombea kuielekeza roka moja, kitavunjika kimojawapo.

Kuagiza pushirodi

Pushirodi ya kiwandani ya Chevrolet ndogo ina takriban inchi 7.8, ya LS inchi 7.4. Unapoagiza mwambie muuzaji umepimaje. Tundu la oili limekata kilele cha kile kibonge cha mwisho, kwa hiyo venia inasoma pungufu ya urefu ambao baadhi ya watengenezaji wanauandika, ule unaohesabu kibonge kana kwamba ni kizima. Tofauti ni ndogo, lakini ukiongeza na hatua ya saizi inaweza kukupa pushirodi ya namba isiyo yako. Njia salama ni kumpelekea pushirodi yako ya kupimia ikiwa imefungwa nati yake, alinganishe bega kwa bega.

Zikifika, jaribu moja kwanza kwenye silinda ya mbele na moja ya nyuma kabisa, kwa sababu bloku iliyosagwa kombo inatoa majibu tofauti pande mbili. Paka rangi, zungusha, soma alama. Zikilingana, funga springi za kweli, paka grisi ya kufungia injini kwenye ncha, vikombe na mihimili yote, na kaza.

Baada ya kilomita 500 hivi fungua kava. Alama kwenye vichwa vya valvu ziwe nyembamba na zinafanana zote. Rula juu ya stadi isionyeshe iliyopanda. Chomoa pushirodi moja moja uziviringishe kwenye kioo; iliyopinda itaruka. Na ukiona mstari unaong'aa ubavuni mwa pushirodi, inasugua hedi: toa hedi, panua tundu kwa tupa upande ule unaogusa, safisha chenga zote, ndipo urudishe.